Zawadi au Majivuno?

Wengi wetu wakirudi kutoka Ulaya huleta kimashini cha muziki chenye jina kubwa. Nasema wazi: mara nyingi hiyo si zawadi, ni majivuno ya mwenye kuitoa.

Tazameni iPod. Ilianza kuuzwa mwaka 2001; mwaka 2022 Apple ikaacha kuitengeneza. Zile za kwanza ziliingizwa nyimbo kwa kompyuta, na betri yake imefungwa ndani. Basi, mjomba wa Kolwezi asiye na kompyuta afanye nini nayo? Walkman ya mwaka 1979 ingemfaa zaidi: mawe mawili ya dukani, kaseti moja, imekwisha.

Mtajibu: «Vya sokoni kwetu ni vibovu.» Vingine ndiyo. Lakini cha Lubumbashi utakijaribu mbele ya muuzaji, na kesho kikinyamaza utamrudia. Cha Brussels utamrudishia nani?

Ukinunua mbali, uliza kwanza: chaja yake inakubali volti 220? Kinapokea kadi ya nyimbo? Kina redio? Zawadi ipimwe kwa mkono wa anayepokea, si kwa jina lililoandikwa juu yake.