Umeme ukikatika, chomoa pasi

Makala yenu ya kupiga pasi imelipita suala la maji haraka mno. Sisi tunaotumia maji ya kisima hapa Dar es Salaam tunajua yalivyo na chumvi. Ukiyatia kwenye pasi ya mvuke, ile chumvi inaganda ndani, matundu yanaziba, kisha Ijumaa mchana pasi inatema matone ya kahawia juu ya kanzu nyeupe. Kanzu ya mume wangu iliharibika hivyo, mabaka kifuani kabisa, na adhana imeshasikika. Siku hizi naweka maji yaliyokenekwa, na nikimaliza kunyoosha namwaga yote yaliyobaki.

Nukta za joto kwenye pasi pia zina maana. Tatu ni hadi nyuzi 200, za pamba na kitani. Moja ni 110, na hapo usifungulie mvuke: pasi haijapata moto wa kutosha, maji yatadondoka tu.

Lakini kubwa kuliko yote ni umeme. Ukikatika unapiga pasi, chomoa waya ukutani hapo hapo, kabla hujatafuta tochi. Umeme hurudi watu wameshalala, au nyumba imebaki na watoto peke yao. Tafadhalini, wafundisheni na wadada wa kazi.