Jioni ya mvinyo na jibini isimsahau mfugaji

JIONI za mvinyo na jibini zimekuwa jambo la kawaida katika mikahawa na majumba ya Nairobi, hasa kwenye mitaa kama vile Karen, Westlands na Kilimani. Marafiki hukutana baada ya kazi, wakaagiza chupa moja au mbili na sinia ya vipande vya jibini, kisha wakazungumza hadi usiku uingie.

Wapo wanaoibeza desturi hii kwa kudai kuwa ni majivuno ya watu wa tabaka la kati wanaoiga Wazungu. Hata hivyo, sinia hiyo inagusa mambo mawili mazito: mapato ya mfugaji wa ng'ombe wa maziwa na sera ya Serikali kuhusu ushuru wa vileo.

Tuanze na mlo wenyewe. Jibini ngumu iliyokomaa, mathalani cheddar au Gouda iliyohifadhiwa miezi mingi, hupatana na mvinyo mwekundu. Mvinyo huo una tanini, yaani ule ukakasi unaokausha ulimi mithili ya chai ya rangi iliyokolea. Mafuta na protini za jibini huupunguza ukakasi huo, nao mvinyo ukawa laini kinywani.

Jibini laini, hasa ya maziwa ya mbuzi, hutaka mvinyo mweupe wenye uchachu. Katika bonde la mto Loire nchini Ufaransa, mvinyo mweupe wa Sancerre huliwa na jibini ya mbuzi ya Chavignol, kijiji kilicho papo hapo. Nayo jibini yenye ukungu wa buluu na chumvi nyingi, kama vile Roquefort, huandamana na mvinyo mtamu wa Sauternes kwa kuwa utamu huituliza chumvi.

Kosa la wengi ni kudhani kwamba mvinyo mwekundu unafaa kwa kila jibini. Ukweli ni kwamba mweupe hupatana na aina nyingi zaidi. Aidha, jibini itolewe kwenye friji yapata saa moja kabla ya kuliwa, kwani baridi huificha ladha. Asiyetumia kileo naye hajasahaulika: juisi ya ukwaju isiyotiwa sukari nyingi ina uchachu unaofanya kazi ile ile ya mvinyo mweupe.

Sasa tugeukie mfugaji. Kenya huzalisha zaidi ya lita bilioni 5 za maziwa kwa mwaka, na sehemu kubwa hutoka kwa wafugaji wadogo wenye ng'ombe wachache. Mengi huuzwa yakiwa mabichi bila kupitia kiwandani. Mvua ya masika inaponyesha na nyasi kustawi, maziwa hufurika sokoni, bei ikaporomoka, na mara si haba wafugaji wamelazimika kuyamwaga.

Jibini ni njia mojawapo ya kuepuka hasara hiyo. Maziwa mabichi huharibika upesi, lakini jibini ngumu hudumu kwa miezi. Viwanda vya humu nchini, kama vile Doinyo Lessos cha Eldoret na Brown's cha Limuru, vimeifanya kazi hii kwa miongo kadhaa. Kwa hivyo, hoja kwamba jibini nzuri lazima itoke ng'ambo haina mashiko.

Suala ni nani anayenufaika. Kilo moja ya jibini ngumu huhitaji takriban lita 10 za maziwa. Mapema mwaka 2024, Serikali ilitangaza kuwa kampuni ya New KCC ingemlipa mfugaji Sh50 kwa lita. Kwa hesabu hiyo, maziwa ya kilo moja humletea Sh500. Msomaji na alinganishe kiasi hicho na bei atakayoikuta dukani.

Mgala muue na haki yake mpe. Mwenye kiwanda hulipia umeme wa vyumba vya baridi na wafanyakazi wenye ujuzi, na fedha zake hukaa rafuni kwa miezi jibini ikikomaa. Lakini gharama hizo ndizo zinazopaswa kuwa shabaha ya sera. Vyama vya ushirika vikisaidiwa kumiliki mitambo midogo ya jibini, sehemu ya faida itabaki kijijini.

Kwa upande wa mvinyo, sheria ya ushuru iliyoanza kutumika Desemba 27, 2024 ilibadilisha namna ya kutoza. Awali, mvinyo ulitozwa Sh243.43 kwa lita. Sheria hiyo iliweka Sh22.50 kwa kila sentilita ya kileo halisi. Chupa ya mililita 750 yenye kileo cha asilimia 13 ilitoka takriban Sh183 hadi Sh219.

Kutoza kwa kufuata nguvu ya kileo ni wazo la busara. La ajabu ni kwamba sheria hiyo hiyo iliweka Sh10 pekee kwa kila sentilita ya kileo kilicho katika pombe kali. Yaani kipimo kile kile cha kileo, kikiwa ndani ya mvinyo au bia, hutozwa zaidi ya maradufu.

Watetezi wa mpango huo huenda wakasema kwamba pombe kali ikipandishwa bei, maskini watakimbilia pombe haramu. Hofu hiyo ina msingi, kwani Februari 2024 watu zaidi ya 10 walifariki katika Kaunti ya Kirinyaga baada ya kunywa pombe yenye sumu. Hata hivyo, tiba ya pombe haramu ni ukaguzi na kuwaadhibu wafisadi wanaoilinda. Ushuru unaokifanya kileo kikali kuwa nafuu hauwezi kuitwa sera ya afya.

Mcheza kwao hutuzwa, wahenga walisema. Anayepanga jioni kama hiyo na aulize jibini imetoka wapi, achague ya humu nchini inapopatikana, anywe kwa kiasi na ampishe asiyelewa ashike usukani. Nayo Serikali ina wajibu wa kuhakikisha kwamba swali hilo la mteja linamfikia mfugaji kwa umbo la shilingi.