Siku Tatu katika Mji wa Prague

Sisi wa Kanisa la Moravian twafundishwa tangu mafundisho ya ubatizo ya kuwa wamisionari wetu walifika Rungwe mwaka 1891, nao walitoka Ujerumani. Ndivyo ilivyo. Lakini Wajerumani hao walikuwa wameurithi Umoja wa Ndugu kwa wakimbizi waliotoka Bohemia na Moravia, ambazo leo ni nchi ya Wacheki. Basi tulipopata likizo fupi, mimi na mke wangu tukaona vema kuutembelea mji wa Prague, ulio mkuu wa nchi ile. Wako waliotuuliza kama yafaa mwalimu na mkewe kutumia fedha kwenda kutazama mawe. Lakini mtu akienda kupalilia kaburi la babu yake, nani amwulizaye habari za nauli?

Mji wenyewe ni mzuri kupita kiasi. Katikati wapita mto Vltava, na juu yake pana daraja la mawe lililoanza kujengwa mwaka 1357, lenye sanamu za watakatifu huku na huku. Katika uwanja wa mji wa kale iko saa kubwa ya mwaka 1410, ambayo sanamu za mitume hupita madirishani mwake kila saa. Watu husongamana kuitazama, na mwenye mfuko na aushike. Kanisa kuu la Mtakatifu Vitus, lililoanzwa mwaka 1344 na kumalizika mwaka 1929, tulilipita upesi, maana miguu ilikuwa imechoka na mke wangu hakupenda kulipa tena.

Tulilolikusudia hasa ni Bethlehemu. Nyumba hii ilianzishwa mwaka 1391 ili watu wahubiriwe kwa Kicheki, lugha ya mama zao. Wenyewe waliiita kikanisa tu, ingawa iliweza kuchukua watu kama 3,000. Humo Jan Hus alianza kuhubiri mwaka 1402, naye baadaye alihukumiwa na kuchomwa moto mjini Constance, tarehe 6 Julai 1415. Katika wafuasi wake ndimo ulimotoka Umoja wa Ndugu, mwaka 1457.

Kuta ni nyeupe, dari ni ya mbao, na kisima cha kale kingali kimo ndani. Lakini sehemu kubwa ya jengo si ya Hus. Lilibomolewa mwaka 1786, likajengwa tena kati ya miaka 1950 na 1954, na waliolijenga walikuwa serikali ya Kikomunisti, isiyopenda dini, kwa kuwa walimhesabu Hus kuwa mtetezi wa maskini! Leo ni ukumbi wa Chuo Kikuu cha Ufundi, na wanafunzi hupewa humo shahada zao.

Mke wangu aliketi, akatazama mimbara kitambo, kisha akasema, “Mwalimu, wenye nyumba wako wapi?”

Nikamweleza jinsi Waprotestanti walivyoshindwa vitani mwaka 1620, na jinsi wahubiri walivyofukuzwa nchini. Mmoja wao alikuwa Askofu Comenius, aliyeondoka mwaka 1628 asirudi tena, ndiye aliyewatungia watoto kile kitabu cha picha kiitwacho Orbis Pictus, mwaka 1658. Walimu wenzangu, twamwia deni kila tuonyeshapo picha darasani. Nikamwambia pia ya kuwa watu wengi wa nchi ile leo hawajiandiki kuwa na dini yoyote, na Ndugu waliobaki ni wachache.

Akasema, “Hao walifukuzwa, nimesikia. Je, wajukuu wa waliobaki? Wao amewafukuza nani?”

Sikuwa na jibu. Nyumbani kwetu sisi wako vijana wawili wasiofika tena ibadani, wala hakuna mfalme aliyewazuia. Mke wangu asema hatujawauliza kwa nini, tumewakemea tu. Naye asema kweli. Tulipokuwa bado tumeketi humo tulikubaliana kwamba yeye atazungumza na mkubwa, nami na mdogo, bila kitabu mkononi.

Jioni tulikwenda penye misalaba. Mbele ya jumba la baraza la mji wa kale imetiwa misalaba myeupe 27 katika mawe ya sakafu, kwa ajili ya watu 27 waliouawa hadharani tarehe 21 Juni 1621: wakuu wa nchi watatu, watu wa jamaa bora saba, na wenyeji wa miji 17. Mmojawapo ni mzee Václav Budovec, wa Umoja wa Ndugu. Hata Mkatoliki mmoja alikuwamo. Watu hupita juu yake wakila vitu vitamu, wala sidhani kama wanajua. Mke wangu alivua viatu akaihesabu yote, akazunguka kila mmoja asiukanyage.

Habari za Herrnhut, walikopokewa wakimbizi mwaka 1722, tutaziandika mwezi ujao, Mungu akipenda.