Gemu ya mkononi iwe mali ya aliyeishika



Tangu Juni 5, 2025, siku Nintendo ilipoingiza Switch 2 sokoni, ubishi wetu mashabiki umekuwa uleule. Kioo kina inchi ngapi? Chipu ina nguvu kiasi gani? Je, inaipiku Steam Deck ya Valve iliyotoka Februari 2022? Oktoba 2025 ikaja ROG Xbox Ally ya Asus na Microsoft, na moto ukaongezewa kuni. Mimi nami nimo. Mchana nafuatilia bei ya dagaa pale Kibirizi, jioni nabishana na wenzangu pale Mwanga kuhusu Metroid Prime 4 utadhani kila mmoja wetu ameinunua.

Kwa mtazamo wangu, tunabishania mambo mepesi na kuacha mazito. Mtu wa Kigoma akionyeshwa mashine mpya ya gemu, anapaswa kuuliza mambo matatu kabla hajatazama kioo. Inacheza bila mtandao? Nikiichoka gemu, naweza kumpa au kumuuzia mwenzangu? Na nchi yangu imo kwenye orodha yao? Ikishindwa hapo, hata ingekuwa na kioo cha almasi, hiyo si yako. Umeazima tu, na wahenga walishasema nguo ya kuazima haisitiri maungo.

Tuanze na historia kidogo, maana wengine mnadhani gemu za mkononi zilianza na PSP. Baba wa hizi mashine ni Mjapani, Gunpei Yokoi wa Nintendo. Inasimuliwa kwamba alimwona abiria kwenye treni akiua muda kwa kubofyabofya kikokotoo, akapata wazo la kigemu cha mfukoni. Mwaka 1980 zikatoka Game & Watch, na mwaka 1989 ikatoka Game Boy. Ile Game Boy ilikuwa na kioo cha kijani kilichofifia, hakina taa wala rangi. Mwaka uliofuata Sega ikaja na Game Gear, kioo cha rangi na taa ndani. Wataalamu wa kioo wangesema Nintendo imekwisha. Lakini Game Gear ilikula betri sita kwa saa tatu hadi tano. Game Boy ilitumia betri nne na ikadumu saa 15, hata zaidi. Game Boy pamoja na ndugu yake ya rangi ziliuza zaidi ya mashine milioni 118, Game Gear ikaishia kama milioni 10 na kitu. Yokoi aliamini kwamba teknolojia ya bei nafuu iliyokwishazoeleka, ikitumiwa kwa akili, inazaa kitu kipya. Huyo mzee angeishi Ujiji tungemwelewa vizuri sana.

Nasema hivyo kwa sababu huku kwetu tunajua betri ni nini. Mji huu kwa miaka mingi uliendeshwa kwa majenereta ya dizeli, na kila mmoja alijifunza kuchaji simu umeme ukiwepo, si simu ikiisha. Halafu kuna treni. Dar es Salaam hadi Kigoma kwa reli ya kati ni kama kilomita 1,250, na kwa treni ya zamani ni safari ya karibu siku mbili. Nintendo wenyewe wanasema Switch 2 inakaa na chaji kati ya saa 2 na saa 6 na nusu kutegemea gemu. Maana yake ni kwamba hujafika Dodoma tayari umeshika tofali jeusi, na bado una Tabora, Kaliua na Uvinza za kutazama dirishani.

Betri tunaweza kuisamehe, maana siku hizi benki za umeme zipo hadi kwa wamachinga. Lisilosameheka ni mtandao. Baadhi ya gemu za Switch 2 zinauzwa kwa kadi ambayo ndani yake hamna gemu. Hujasoma vibaya. Unanunua boksi, ndani kuna kadi, na ndani ya kadi kuna ufunguo tu. Gemu yenyewe unaipakua kutoka intaneti. Street Fighter 6 imetoka hivyo. Wapo waliofanya uungwana, mfano Cyberpunk 2077, ambao waliingiza gemu nzima kwenye kadi ya GB 64. Kwa hiyo inawezekana, ila kadi yenye nafasi kubwa ina gharama, na gharama hiyo wameamua kumsukumia mnunuzi.

Mtu wa Tokyo hataona tofauti. Anabonyeza, analala, asubuhi gemu ipo. Sasa mlete huyo mtu Kalya, kule kusini mwambao wa ziwa, umpe bando la kununua kwa vocha, kisha umwambie apakue makumi ya GB. Bei ya mashine ilipotoka mwaka 2025 ilikuwa dola 449.99, zaidi ya shilingi milioni moja za kwetu. Ukishalipa hizo, ukalipa na ya kadi, bado unatakiwa ulipie bando la kuileta gemu ambayo umeshainunua! Ama kweli.

Mtaniambia, lakini ile kadi ya ufunguo si unaweza kumuuzia mwenzako? Ni kweli, unaweza. Ila naye atapakua upya. Na siku sava zikizimwa, nyote wawili mtabaki na kipande cha plastiki. Hili si jambo la kubuni. Machi 27, 2023 Nintendo ilifunga duka la mtandaoni la 3DS, mashine iliyotoka 2011. Kuanzia siku hiyo gemu zilizokuwa zikiuzwa kwa kupakua tu huwezi kuzinunua tena. Lakini kadi ya 3DS yenye gemu ndani, ukiiokota leo kwenye meza ya mitumba, unaichomeka na inacheza. Haimuulizi mtu.

Tofauti hiyo ndiyo hoja yangu yote. Vile vigemu vya Kichina vya kupanga matofali, vilivyojinadi kuwa na gemu 9999 ndani, vilipita mikono mingapi? Kaka anamwachia mdogo wake, mdogo anabadilishana na rafiki. Ile gemu ya nyoka aliyoiandika Taneli Armanto kwa ajili ya Nokia 6110 mwaka 1997 ilikuja na simu, ikauzwa na simu, na ikafa na simu. Hata bao la mzee pale kijiweni ni vivyo hivyo. Kete zikipotea unaokota kokoto, mchezo unaendelea. Hakuna mtu atakayekuja kulifunga bao kwa sababu kampuni ya bao imebadili masharti.

Sasa tuje kwenye swali la tatu, ambalo kwangu ndilo linalouma zaidi. Februari 2024 ilitoka Helldivers 2, gemu iliyosambazwa na Sony, na waliokuwa na Steam Deck waliicheza mkononi. Mwanzoni mwa Mei Sony ikatangaza kwamba wanaocheza kupitia Steam lazima waunganishe akaunti ya PlayStation Network. Tatizo ni kwamba huduma hiyo haikuwepo rasmi katika nchi zaidi ya 170, na Tanzania ilikuwa mojawapo. Katika Afrika nzima iliyokuwa kwenye orodha ni Afrika Kusini peke yake. Gemu ikaondolewa dukani katika nchi hizo zote. Mashabiki dunia nzima walipiga kelele, na siku chache baadaye Sony ikaachana na lile sharti. Kelele zinasaidia, tukumbuke hilo.

Lakini tazameni vijana wetu wanaishije. Ukitaka akaunti unadanganya kwamba unaishi Marekani au Uingereza, unatafuta anwani ya mtaa usioujua, kisha unanunua kadi ya malipo kwa mtu wa kati anayeongeza chake juu. Na kudanganya makazi ni kinyume cha masharti yao, kwa hiyo siku wakitaka kukufungia wana sababu tayari. Gemu zote ulizonunua kwa pesa halali zinaondoka na akaunti. Umelipa kama wengine, lakini umeingia kwa mlango wa uani.

Na sisi wa Kigoma tuna sababu ya ziada ya kulisema hili. Ukisimama ufukweni jioni hali ya hewa ikiwa safi, unaiona milima ya Kongo ng'ambo ya ziwa. Nchi hiyo ni miongoni mwa wachimbaji wakubwa kabisa wa koltani duniani, madini yanayotoa tantalamu. Tantalamu hutengeneza kapasita, vidude vidogo vya kutunza umeme ndani ya simu, kompyuta na mashine za gemu. Eneo la Rubaya, Kivu Kaskazini, hutoa kama asilimia 15 ya tantalamu yote ya dunia, na mwaka 2024 liliangukia mikononi mwa waasi wa M23. Mwaka 2012 shirika la Kimarekani la Enough Project lilipima kampuni 24 za vifaa vya elektroniki kuona zinajitahidi vipi kuepuka madini ya vita. Nintendo ilikuwa ya mwisho, ikapata sifuri. Watu wanaokimbia vita hivyo tunao hapa mkoani kwetu, kambi ya Nyarugusu iko Kasulu tangu 1996.

Sisemi kwamba kila mashine ina damu ndani yake, wala sisemi tuache kucheza. Ninachosema ni kwamba njia ya kutoa madini huku inajulikana vizuri, mpaka kwenye mashimo ya Kivu. Iweje njia ya kurudisha gemu ikose kuzijua nchi zetu hata kwa jina kwenye orodha ya kuchagua?

Najua utetezi wao. Soko ni dogo, malipo ni magumu, watu wanaiba gemu. Kuhusu malipo, Google na Apple wameiweka Tanzania kwenye maduka yao siku nyingi, na dunia haikuanguka. Kuhusu wizi, duka lililofungwa haliondoi hamu ya mteja, linampeleka uchochoroni. Na kuhusu udogo wa soko, utajuaje ukubwa wa soko ambalo wateja wake wote wameandikishwa kama wakazi wa London?

Wapo watakaosema mwenye simu ana gemu tayari, ya nini mashine ya milioni? Ni kweli, kwa wengi wetu simu ndiyo mashine. Lakini ugonjwa ni uleule. Gemu nyingi za simu zinazopigiwa debe leo, bila bando hazifunguki, na ukizifungua unakutana na matangazo na vitu vya kununua kila baada ya dakika mbili. Ile nyoka ya Nokia haikuwahi kumwomba mtu senti.

Kwa hiyo wadau, tetesi za mashine mpya zikianza, na zinaanza kila mwezi, tubadilishe maswali. Badala ya inchi za kioo, tuulize kadi ina gemu au ina ufunguo. Tuulize ikikatika mtandao kwa wiki nzima kutabaki nini cha kucheza. Tuulize Tanzania imo au haimo. Na isiyojibu vizuri tusiisifie bure, hata kama ni ya kampuni tunayoipenda tangu utotoni. Mwaka 2024 waliosumbuliwa na orodha walipiga kelele siku chache tu, na kampuni kubwa ikarudi nyuma. Sisi tumekaa nje ya orodha miaka yote hii tukiwa kimya.

Naomba kutoa hoja.