Ultrasaundi Haijaiona Korodani? Bado Hujapata Jibu (Sehemu ya 4)

Mama wenzangu, leo tuongee bila aibu. Mtoto wa kiume ana korodani moja tu kwenye mfuko wake, halafu tunaambiana "atakua, itashuka." Ndiyo, nyingi hushuka zenyewe, ila ndani ya miezi 6 ya kwanza. Baada ya hapo, kungoja ni kupoteza muda.

Kinachoniuma ni hiki: mzazi anapima ultrasaundi, korodani haionekani, anaambiwa "haipo," anarudi nyumbani. Jamani, kutoonekana si kutokuwepo! Korodani iliyobaki tumboni ultrasaundi huikosa mara nyingi. Kwa maoni yangu, hela hiyo bora iwe nauli ya kumfikia daktari bingwa wa upasuaji wa watoto.

Yeye ataanza kwa kupapasa. Akiigusa kwenye kinena, upasuaji wa kawaida unatosha. Asipoigusa, ndipo inakuja laparoskopi: mtoto anapewa dawa ya usingizi, linatobolewa tundu dogo kitovuni, kamera inaingia. Ikikutwa tumboni, inashushwa siku hiyohiyo, au kwa awamu mbili kama iko juu sana. Kama haipo kweli, mtajua kwa uhakika.

Haraka ya nini? Joto la tumboni huharibu uwezo wa kutengeneza mbegu, na hatari ya saratani ya korodani ukubwani huongezeka. Lengeni kabla ya miezi 18. Amechelewa, ana miaka 5? Mleteni hivyohivyo, msingoje jando.

Leo mkiwaogesha kwa maji ya vuguvugu, papaseni taratibu. Zipo mbili?