Plagini Ziko Poa, Lakini Laptopu Isipande Jukwaani

Swali linaloingia kwa inboksi yangu kuliko lingine lolote ni hili: "Nina elfu ishirini, ninunue plagini za gitaa ama modela?" Wengi wanaouliza ni wasee wa huku kwetu, kuanzia Kenol, Maragua na Sagana mpaka Karatina na Nyeri. Na wengi washajazwa kichwa na video za YouTube, zile jamaa wa Marekani amekaa kwa chumba safi, stima haipotei, analinganisha ampu ya kweli na ya kompyuta ati usikie tofauti. Mwangalie, ni burudani. Lakini huyo hapigi mugithi Jumamosi usiku.

Kwa wageni, haraka: plagini ni programu ya kompyuta inayoiga ampu na pedali. Modela ni kifaa chako cha mguu kinachofanya kazi hiyo hiyo, kina kompyuta ndogo ndani. Hesabu ni zile zile. POD ya kwanza ya Line 6 ilitoka 1998, na tangu hapo pande zote mbili zimekaribiana sana, kiasi kwamba kwa spika za klabu hakuna mtu atakwambia ni ipi. Hata wewe.

Kwa hivyo mimi siongelei sauti, naongelea kazi. Unarekodi nyumbani? Plagini. Unalipwa kupiga mbele ya watu? Modela, hata ya bei rahisi. Na kama pesa inatosha kitu kimoja tu, modela kwanza.

Hebu fikiria ile kazi yenyewe. One-man guitar ni wewe ndiye bendi. Unaimba, unapiga, biti inatoka kwa kinanda ama simu, na watu wameshikana kwa mstari mrefu. Mugithi kwa Kikuyu ni treni, na treni haisimami katikati ya safari ati laptopu inataka kuapdeti. Laptopu pia ina joto, ina waya wa USB unaolegea, na iko kwa meza moja na chupa za watu. Halafu stima. Agosti 2023 giza liliingia karibu nchi nzima, na kuna sehemu zilikaa hivyo mpaka siku iliyofuata, lakini hauhitaji kisa kikubwa hivyo; dakika mbili za kungoja jenereta zinatosha kukuaibisha. Kitu kama Zoom G1X Four kinatumia betri nne ndogo za AA, zile za rimoti. Hakijui kama stima ilipotea. Na kinaingia kwa begi, unapanda nduthi nacho.

Kuna pia mambo ya kuchelewa. Kompyuta haichakati sauti mfululizo, inaikusanya kwa mafungu. Fungu la sampuli 128 kwa kasi ya 48,000 kwa sekunde ni kama milisekunde 2.7, la 512 ni kama 10.7. Hapo bado uko sawa, kwa sababu sauti yenyewe hutembea kama sentimita 34 kwa milisekunde, kwa hivyo 10 ni kama kusimama mita tatu na nusu kutoka kwa ampu. Shida ni kwamba sauti inaingia na kutoka, na laptopu mzee ikilemewa inaanza kukwaruza, unaongeza fungu, unajikuta umepita 30. Solo za benga ni noti za haraka, zinakaa katikati ya biti. Kidole kikienda na sauti ije baadaye, mkono unapotea.

Sasa jambo ambalo watu hawaulizi na ndilo linaharibu shoo nyingi: spika. Spika ya ampu ya gitaa hukata sauti kali za juu. Spika za klabu hazikati. Ukichomeka modela kwa miksa bila kuwasha ile sehemu inayoiga kabati la spika, utasikika kama nyuki ndani ya debe. Iwashe. Na ukikuta ampu halisi ya gitaa hapo jukwaani, izime, kwa sababu spika mbili zikipangana sauti inakuwa kama imefunikwa blanketi. Muziki wetu unataka gitaa safi, kali kidogo, labda na mwangwi. Zile modeli mia za metali hautazigusa.

Ndio maana sioni sababu ya kijana wa Kenol kulilia Quad Cortex. Ni kifaa kizuri sana, cha Neural DSP ya Helsinki, lakini ni zaidi ya dola 1,500. Hiyo inakaribia laki mbili, na hata ushuru haujaingia. Utapiga shoo ngapi uzirudishe?

Kuna mtu ataniambia mbona KMRU anapiga na laptopu na dunia inampigia makofi. Kweli, na nampenda. Huyo ni mjukuu wa Joseph Kamaru, mzee wetu wa Kangema aliyetuacha 2018. Guka alikuwa na gitaa, mjukuu ana kompyuta. Lakini kwake kompyuta ndiyo ala yenyewe, na watu wake wanakuja kukaa kimya wasikize. Wako wamelipa kucheza.

Nyumbani ni hadithi nyingine, na huko sitaki uingize pesa mapema. GarageBand kwa iPhone ina ampu za bure. Kwa kompyuta kuna Neural Amp Modeler, ni ya bure kabisa, na watu wanagawana modeli zao Tone3000. Zile plagini za kuibwa za Telegram ziache. Hujui zimekuja na nini, na pengine laptopu hiyo ndiyo iko na barua pepe yako na kila kitu.

Ukitaka modela moja ifanye kazi zote mbili, uliza kama ina USB ya sauti kabla ya kutoa pesa. Valeton GP-100 inayo, unarekodi moja kwa moja. Zoom G1X Four haina, USB yake si ya kupitisha sauti, kwa hivyo utahitaji interfesi baadaye.

Ya mkono wa pili ni sawa. Enda na gitaa lako na hedifoni, kanyaga kila swichi mara kadhaa, zungusha kila kinobu usikize kama kinakwaruza. Na udai adapta yake ya asili. Pedali nyingi za gitaa zinataka volti 9 zenye hasi katikati, na chaja ya ruta ya Wi-Fi, ambayo inaingia vizuri kabisa kwa hilo tundu, kawaida iko kinyume. Inaweza kuichoma.