Maoni ya Mtahini: Usione Haya Kuisoma Riwaya Fupi ya Mapenzi ya Kale

Mwanafunzi mpendwa, umefika mwisho wa mwongozo huu. Umepitia muhtasari wa kila sura, wahusika, maudhui na mbinu za uandishi. Kabla hujaufunga, nakuomba unisikilize kuhusu kitabu ambacho hakimo katika orodha ya vitabu teule, lakini ambacho huenda umekwisha kukisoma kwa siri chini ya dawati. Ni ile riwaya fupi ya mapenzi ya zamani, iliyojaa ucheshi, ambayo mwisho wake unaujua kabla hujafika ukurasa wa kumi.

Ukienda Daraja Mbili siku ya soko, ukapita marundo ya mitumba na mikungu ya ndizi, utakuta vitabu vikuukuu vimetandazwa juu ya gunia. Vingi ni vya Kiingereza. Jaladani pana bwana aliyevaa koti refu na binti aliyevaa gauni linaloburura chini. Wanafunzi hununua kimoja kwa pesa kidogo, wakakisoma kwa zamu bweni zima mpaka jalada likabanduka. Mwalimu wa zamu akikikuta, hukitwaa na kukiita takataka.

Mimi ni mwalimu wa Kiswahili na mtahini, na nasema kinyume. Kitabu hicho kina jambo la kukufundisha, na jambo lenyewe litakufaa hata katika karatasi ya fasihi. Nitaeleza sababu zangu, kisha nitakuonya, kwa kuwa kila kitamu kina mchwa wake.

Utanzu wenyewe ni upi?

Wahakiki wa Kiswahili huigawa riwaya katika makundi mawili makuu: riwaya dhati, inayochimbua matatizo ya jamii kwa kina, na riwaya pendwa, inayolenga kwanza kuburudisha. Riwaya tunayoizungumzia imo katika kundi la pili. Sifa zake ni hizi: huwa fupi, aghalabu chini ya kurasa 200, mandhari yake ni ya wakati uliopita, kabla mwandishi hajazaliwa, wapenzi hukumbwa na vikwazo, wahusika huchekesha, na mwisho huwa mwema.

Huko Uingereza, Georgette Heyer ndiye anayetajwa sana katika utanzu huu. Mwaka 1935 alichapisha Regency Buck, riwaya iliyorudi nyuma zaidi ya miaka 120, hadi enzi ya mabwanyenye wa mwanzoni mwa karne ya 19. Kampuni ya Mills & Boon, iliyoanzishwa London mwaka 1908, ndiyo iliyosambaza vitabu vya mapenzi hadi vikafika kwenye magunia ya Daraja Mbili. Na ile tamthilia ya Bridgerton, ambayo baadhi yenu mliitazama kwenye simu wakati wa likizo, imetokana na riwaya za Mmarekani Julia Quinn.

Kwa nini inapendwa?

Kwanza, ni fupi. Usilidharau jambo hili. Wengi wenu mlianza kwa Ekegusii nyumbani, mkakutana na Kiswahili na Kiingereza shuleni. Kumaliza kitabu kizima katika lugha uliyojifunza darasani ni ushindi. Msomaji aliyemaliza vitabu vitano vyepesi haogopi tena kitabu kinene. Aliyeanza na kinene akakwama sura ya pili hubaki akitegemea muhtasari wa miongozo, ukiwemo huu.

Pili, mwisho wake unajulikana. Wapo wanaosema huo ni udhaifu, eti hakuna taharuki. Hebu ikumbuke fasihi simulizi uliyosoma. Nyanya akianza kukusimulia ngano ya Sungura na Fisi, huna shaka ni nani atakayeshinda, lakini hutoki mekoni. Unachongojea ni kuona Sungura atashinda vipi safari hii. Riwaya ya mapenzi ya kale hutumia ufundi uo huo. Unajua fika kwamba wawili hawa wataoana. Unachotaka kujua ni vipi, ikiwa baba amekwisha kumwahidi binti kwa mtu mwingine, barua imeanguka mikononi mwa shangazi mdaku, na bwana mwenyewe hajui kwamba anapenda. Msomaji aliyetulizwa kuhusu mwisho hupata nafasi ya kuchunguza msuko, kinaya, sadfa na majibizano, na hizo ndizo mbinu unazoulizwa katika mtihani.

Tatu, na hapa ndipo penye uzito, zamani hutupa vikwazo vinavyoonekana kwa macho. Wapenzi wa leo huachana kwa sababu ujumbe wa simu haukujibiwa. Wapenzi wa zamani walizuiwa na cheo, mahari, dini, sheria na kauli ya wazee. Binti wa wakati huo hakuulizwa anampenda nani. Mwandishi anapomweka binti huyo katikati ya hadithi, akampa ulimi mwepesi na akili ya kuwazunguka waliomzidi nguvu, anatuonyesha mtu asiye na haki ya kuchagua akichagua. Kicheko hufanya kazi yake hapo. Mzee mwenye amri akichekwa, amri yake nayo hupungua uzito. Watu wa pwani walisema mapenzi ni kikohozi, hayafichiki. Riwaya hizi huturuhusu kumwona mwenye mamlaka akihangaika kuzuia kikohozi.

Je, kwa Kiswahili tunazo?

Riwaya za Kiswahili zinazotazama mapenzi na wakati uliopita kwa pamoja zipo, ingawa nyingi si fupi wala si nyepesi. Iliyo mashuhuri ni Vuta N'kuvute ya Adam Shafi, iliyochapishwa mwaka 1999 na kutengenezewa filamu mwaka 2021. Inaturudisha Zanzibar ya miaka ya 1950, wakati wa ukoloni. Yasmin, msichana wa miaka kumi na mitano mwenye asili ya Kihindi, anaozwa Bwana Raza, mzee mwenye duka. Anamtoroka, jamaa zake wanamkataa, anapokewa na Mwajuma, kisha anampenda Denge, kijana mwanaharakati. Ni riwaya nene yenye siasa nzito. Lakini kila ninapoijadili na wasomaji, wanalolikumbuka kwanza ni ucheshi wa Mwajuma na moyo wa Yasmin. Siasa hukumbukwa baadaye, na hukumbukwa vizuri zaidi kwa sababu ya Yasmin.

Kwa upande wa ufupi ipo Kurwa na Doto ya Muhammad Saleh Farsy, ya mwaka 1960, inayosimulia mapacha wawili wa kijiji cha Unguja na mvutano wao wa mapenzi. Farsy hakuwa akiandika historia. Aliandika maisha ya kijiji alivyoyajua. Kwetu sisi, zaidi ya miaka sitini baadaye, kijitabu hicho kimekuwa dirisha la kuitazama zamani.

Iliyo fupi, yenye kuchekesha, na iliyoandikwa kwa kusudi la kurudi nyuma ni adimu kwetu. Na kwa Kisii na Nyamira ni adimu zaidi. Jambo hili linanisikitisha, kwa sababu malighafi tunayo.

Malighafi ya nyumbani

Katika miaka ya 1940 na 1950, mahari ya ng'ombe katika nchi ya Abagusii ilipanda mno. Vijana wengi hawakuweza kuilipa. Baadhi yao walikwenda kufanya kazi katika mashamba ya chai ya Kericho, wakarudi na mshahara usiotosha hata ndama. Wasichana wengi nao hawakungoja hesabu za wazee zikamilike. Walitoroka na waliowapenda. Akina baba wakakimbilia mahakama za Waafrika zilizojulikana kama Ritongo kudai binti au ng'ombe. Kesi hizo zilikuwa nyingi kiasi kwamba mwanahistoria Brett Shadle aliandika kitabu kizima kuzihusu mwaka 2006, na kabla yake, mwaka 1950, mwanaanthropolojia Philip Mayer alikuwa ameichambua sheria ya mahari ya Abagusii.

Hebu fikiri kama mwandishi. Binti amesimama mbele ya wazee wa Ritongo. Baba anadai ng'ombe wanane. Upande wa pili unasema walikwisha kuletwa sita. Baba anajibu kwamba mmoja alikuwa kiwete na mwingine alikufa kabla hajafika zizini. Wazee wanabishana juu ya rangi ya fahali hadi jua linatua. Hakuna aliyemgeukia binti kumuuliza analolitaka. Kisha binti anaomba ruhusa ya kusema, na anawataja ng'ombe wote mmoja mmoja, kwa rangi na kwa pembe, kwa kuwa yeye ndiye aliyekuwa akiwakama. Riwaya fupi imeanza hapo. Utacheka, na katikati ya kicheko utakuwa umeelewa jinsi mtu alivyoweza kuwa mada ya kesi bila kuwa msemaji ndani yake.

Lakini tahadhari

Niliahidi kukuonya. Zamani si kanga mpya ya kuvaa ukapendeza, ukaivua ukaitupa. Mabwanyenye wa Heyer wanacheza dansi katika enzi ya 1811 hadi 1820. Uingereza ilikuwa imepiga marufuku biashara ya watumwa mwaka 1807, lakini sheria ya kukomesha utumwa wenyewe katika makoloni yake mengi haikupitishwa hadi mwaka 1833. Maana yake ni kwamba muziki ukipigwa ukumbini, kulikuwa na watu waliokuwa wakikata miwa visiwani Karibi bila ujira ili sukari ifike mezani. Vitabu vingi vyepesi havisemi hilo. Vivyo hivyo, atakayeandika mapenzi ya kasri la sultani wa Zanzibar asisahau mjakazi aliyebeba sinia. Utumwa haukupoteza nguvu ya kisheria huko hadi mwaka 1897.

Na hata hapa kwetu, si kila binti aliyetoweka alikuwa ametoroka kwa hiari. Wapo walioburutwa kwa nguvu. Mwandishi akigeuza uchungu huo kuwa mzaha, amewadhulumu mara ya pili. Pia zipo nyakati zisizokubali wepesi. Mwaka 1908, mwaka uo huo Mills & Boon ilipofungua milango London, Otenyo, kwa uchochezi wa Moraa, alimchoma mkuki afisa wa kikoloni Northcote. Askari waliokuja kulipiza walichoma nyumba na kutwaa mifugo. Anayetaka kuandika mapenzi ya mwaka huo aandike, lakini ajue anakanyaga makaburi.

Kwa hiyo soma, lakini jiulize maswali matatu: Ni nani anayecheka hapa, na anamcheka nani? Ni nani anayefanya kazi wakati wapenzi wanapendana? Je, mwisho mwema umewafaa wote, au wawili tu?

Hili lina faida gani katika mtihani?

Katika kusahihisha, kosa ninalolikuta mara kwa mara ni hoja isiyo na mtu ndani yake. Mtahiniwa huandika: "Kuna ndoa za lazima. Yasmin anaozwa Bwana Raza." Kisha anahamia hoja ya pili. Ametaja, hajaeleza. Alama haziwezi kujaa.

Linganisha na jibu hili: "Yasmin anaozwa akiwa na miaka kumi na mitano kwa mzee aliyemzidi umri kwa mbali. Anapomtoroka, jamaa zake hawamuulizi alivyoteseka. Wanamfukuza kwa sababu amevunja heshima yao. Hivyo mwandishi anaonyesha kwamba ndoa ya lazima haikomei harusini. Inaendelea kumwadhibu msichana hata baada ya kuikimbia." Hapa maudhui yana mtu, sababu na athari. Aliyeandika hivi amemtazama Yasmin kama binadamu mwenye moyo kabla ya kumtazama kama mfano wa maudhui.

Macho hayo hayapatikani kwa kukariri orodha. Hujengwa na kusoma vitabu vingi vinavyokufanya utamani mhusika afanikiwe, na riwaya fupi ya mapenzi ya kale ni mahali rahisi pa kuanzia. Msomaji aliyekesha akimwombea binti wa jaladani apite salama hatamfanya Yasmin kuwa nukta moja katika orodha ya maudhui.

Walimu wenzangu watanilaumu kwamba nawapa wanafunzi ruhusa ya kupoteza muda. Jibu langu ni fupi: baada ya mtihani wa KCSE, wengi wa wanafunzi wetu hawafungui tena kitabu cha hadithi. Tukiwafunza kwamba kitabu kinachowafurahisha ni aibu, tusishangae wakiacha kusoma siku ile hakuna tena anayewalazimisha.

Zoezi la kumalizia

1. Muulize nyanya yako, au mzee yeyote wa kijijini, jinsi ndoa yake ilivyopangwa. Nani alizungumza? Nani alinyamaza? Ni jambo gani lililowachekesha watu siku hiyo? Usiandike jina lake wala siri aliyokuomba uitunze.

2. Kwa kutumia uliyoyasikia, tunga kisa cha kurasa tatu chenye mandhari ya wakati huo. Hakikisha binti anasema angalau jambo moja ambalo wazee hawakulitarajia.

3. Chagua mhusika mmoja wa kike katika riwaya teule unayoisoma. Eleza kikwazo kinachomkabili katika uchaguzi wake, ni nani anayefaidika na kikwazo hicho, na mbinu mbili anazotumia mwandishi kukionyesha. (Alama 10)